Mji Usio na Nyumba
Picha moja, familia moja ya Korogwe, na majibu matatu

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

JE, ndugu msomaji, umepata kuonyeshwa picha ukaambiwa kwamba ni picha ya mji, nawe usione ndani yake nyumba hata moja, wala gari, wala mtu? Bila shaka ulifanya mojawapo ya mambo mawili. Ama ulicheka ukasema kwamba hata mtoto wako wa chekechea angeweza kuichora, ama ulinyamaza kwa kuhofia kwamba wenzako wanaona kitu ambacho wewe hukioni. Wengi wetu tumepata kufanya yote mawili.

Jioni moja, katika nyumba ya familia moja ya Manundu, mjini Korogwe, nilikuta kitabu kimefunuliwa mezani na watu wa nyumba wamekizunguka. Binti wa nyumba hiyo, ambaye anasomea ualimu, alikuwa amepewa kazi ya kuitazama picha iliyochapwa humo, kisha aeleze ina hisia gani na alama zake zina maana gani. Jina la picha lilitaja mtaa mmoja wa mji wa New York, nchini Marekani. Binti alikuwa ameitazama tangu adhuhuri na karatasi yake ilikuwa bado tupu.

Picha yenyewe ni ya mraba. Juu ya weupe imepita mistari ya manjano, mingine imesimama wima, mingine imelala, nayo inakatana mahali pengi. Ndani ya mistari hiyo imetiwa miraba midogo midogo ya rangi nyekundu, buluu na kijivu, ikifuatana kama shanga katika uzi. Hapa na pale, katika nafasi nyeupe zilizobaki, pana mistatili mikubwa zaidi ya rangi hizo hizo. Hapana kingine.

Mdogo wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alijibu bila kusita: “Hii ni stendi usiku. Hizi ni taa za mabasi.” Bibi yao, Mzigua wa Handeni, alisema yeye anaona kanga, ila imekosa pindo. Babu alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha alikisogeza kitabu karibu na taa, akapitisha kidole juu ya ile miraba midogo mmoja baada ya mwingine, akasema: “Hiki ni kipande.”

Binti alishika kichwa. “Sasa babu, niandike jibu la nani?”

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike makala haya. Maana liko jambo la kweli ndani yake, nalo linatuhusu sisi sote, hata tusiopata kuingia katika jumba la sanaa maishani mwetu.

MCHORAJI NA SAFARI YAKE

Kabla ya kumpa mtu yeyote alama, yafaa tujue picha hii ilitoka wapi. Jina lake ni “Broadway Boogie Woogie”. Aliichora Piet Mondrian kati ya mwaka 1942 na 1943, kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Kila upande una urefu wa sentimeta 127, yaani picha halisi ni kubwa kuliko meza ile ambayo kitabu kilikuwa juu yake. Tangu mwaka 1943 imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Mondrian alizaliwa Uholanzi mwaka 1872. Ujanani alichora kama wachoraji wengi wa kwao: miti, mito, vinu vya upepo. Alipokwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, miti yake ilianza kupungua matawi mpaka ikabaki mistari mitupu. Kuanzia miaka ya 1920 alijiwekea sheria kali kama mtu aliyeweka nadhiri: mistari ya wima na ya mlalo tu, rangi nyekundu, buluu na manjano tu, pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Aliamini kwamba chini ya fujo la mambo tunayoyaona upo ulinganifu uliotulia, na kwamba kazi ya mchoraji ni kuufunua. Picha za namna hii, ambazo hazionyeshi sura ya kitu bali wazo lake au hisia yake, ndizo tunazoziita picha za dhahania.

Kisha vita vilikuja. Mwaka 1938 Mondrian aliondoka Paris akaenda London. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yalipoanza kuanguka London, alipanda meli akavuka bahari mpaka New York. Alikuwa mzee wa miaka 68, mkimbizi, hana mke wala mtoto. Huko rafiki yake alimsikilizisha santuri za boogie-woogie, muziki wa piano uliotungwa na Wamarekani weusi. Katika muziki huo mkono wa kushoto hurudia mdundo mzito bila kuchoka, na mkono wa kulia huruka juu yake utakavyo. Ni kama vile katika dansi la Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, zile bendi mashuhuri za Tanga, gitaa la besi lilivyoshikilia njia ili gitaa la solo lipate kutembea. Mzee huyo aliupenda muziki huo mno, naye tangu zamani alikuwa mpenzi wa kucheza dansi. Alifariki dunia New York mwezi Februari 1944, akiacha picha nyingine ya jamii hiyo hiyo bila kuimaliza.

TUANZE NA LILILOPO

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya mbele ya picha ya dhahania ni kulidhania kuwa kitendawili chenye jibu moja lililofichwa. Kosa la pili, ambalo ni ndugu wa la kwanza, ni kudhani kwamba kwa kuwa hapana jibu moja, basi kila jibu ni sawa. Njia iliyo bora hupita katikati, nayo huanza kwa kutazama lililopo kabla ya kukimbilia maana.

Chukua mfano wa rangi ya manjano. Watazamaji wengi husema kwamba mistari ya manjano ni teksi za New York. Ni wazo la kupendeza, nami siwezi kumzuia mtu kulifikiri. Lakini tumekwisha kuona kwamba Mondrian alikuwa akitumia manjano, nyekundu na buluu kwa miaka ishirini kabla hajaiona New York. Kwa hiyo manjano peke yake si ushahidi wa teksi.

Tazama sasa kile ambacho hakimo. Katika picha zake za Paris, mistari ilikuwa myeusi, minene, imesimama kama nondo za dirisha, na rangi zilikaa nyuma yake. Katika picha hii hapana mstari mweusi hata mmoja. Mistari yenyewe ndiyo imekuwa rangi. Mtu aliyeishika sheria ile kwa miaka ishirini, akaja kuiacha uzeeni, katika nchi ya ugeni, wakati dunia inaungua, lazima kuna jambo lililomsukuma. Hapo ndipo tunapoweza kuanza kusema habari ya hisia. Tukisema kwamba picha hii ina furaha ya mtu aliyefunguliwa, tunao ushahidi wa kushika mkononi.

Liko na jambo jingine. Mitaa ya Manhattan, sehemu ya kati ya New York, ilipangwa kwa mpango wa mwaka 1811, ikanyooshwa kama mistari ya daftari la hesabu. Walakini Broadway ni njia ya zamani kuliko mpango huo, nayo huikata mitaa mingine mshazari. Basi itafute Broadway hiyo katika picha, hutaipata. Hapana mstari wa mshazari hata mmoja. Maana yake ni kwamba mchoraji hakuchora ramani. Jina la picha linataja vitu viwili, mtaa na muziki, na mistari ile imekuwa vyote viwili kwa pamoja: njia za kupita na midundo ya kusikiliza. Jicho lako likifuata ile miraba midogo, linasimama, linaruka, linasimama tena. Mwendo huo wa jicho ndio maana ya picha. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita aliyeona taa za mabasi hakukosea sana. Yeye kila siku hupita stendi ya Korogwe, ambapo mabasi ya Tanga, Dar es Salaam na Arusha huingia na kutoka, wachuuzi wakiyakimbilia na machungwa na maji ya kunywa. Alichokiona ni mwendo wa kwenda na kukatika, nao umo kwenye picha.

MJI WA KANGA

Jibu la bibi lilichekwa na wajukuu, lakini kwa maoni yangu lilistahili heshima kubwa. Kila mwanamke wa pwani na bara yetu anajua kwamba kanga ina sehemu zake. Kuna pindo, ambalo ni ukingo unaozunguka. Kuna jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Na ile sehemu ya katikati, yenye nakshi kubwa, huitwa mji.

Tazama ajabu hiyo, ndugu msomaji. Tangu enzi za mabibi zetu tumekuwa tukivaa mji usio na nyumba, na hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Mama akiwa dukani hachagui kanga kwa kuuliza “Hiki ni kitu gani?” Huitazama rangi, huangalia kama mji umeelewana na pindo, husoma jina, kisha hufikiri ataivaa mbele ya nani na wakati gani. Kanga ya msibani haichaguliwi kama kanga ya harusi. Hiyo yote ni kazi ya kusoma hisia na alama katika mchoro wa dhahania, nayo hufanywa kila siku madukani bila cheti cha chuo chochote.

Tena bibi alikuwa ameona kwa makini kuliko sisi sote. Aliposema kwamba kanga hii imekosa pindo, alisema kweli. Mistari ya Mondrian haizuiwi na ukingo. Hufika mwisho wa turubai kana kwamba inaendelea nje yake. Mji huo hauna mpaka. Mtaalamu angeweza kutumia ukurasa mzima kulieleza jambo hilo, na bibi alilimaliza kwa maneno mawili.

Wala sanaa ya dhahania si ngeni kwa mafundi wetu. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wao uitwao mawingu, ambao haufuati umbo la mtu wala mnyama, bali mkunjo na mtiririko wa mti wenyewe. Naye hayati Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung’aa juu ya vipande vya ubao, hakuwahi kuchora chui kama chui wa porini alivyo. Madoa ya chui wake hufuatana kwa mdundo wake yenyewe. Na kabla ya kufika Dar es Salaam, Tingatinga aliyetoka Tunduru alipitia katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kama walivyopitia maelfu wengine.

Na hapo ndipo tunaporudi kwa babu.

KIPANDE

Vijana wengi wa leo hawajui kipande kilikuwa nini. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoenea kutoka Pangani, Muheza na Korogwe na kufuata reli hadi mbali. Mwaka 1964, miaka mitatu baada ya uhuru, nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani laki mbili za katani. Anayesimama leo kwenye miinuko ya Usambara akatazama bondeni ataiona bado ile mistari ya kijani iliyonyooka, ikikatwa na barabara za shamba zilizonyooka vile vile.

Katika mashamba hayo walifanya kazi watu walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Waliletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka. Kila mmoja alikuwa na kadi yake, ndiyo kipande, yenye nafasi za siku thelathini. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Siku usiyoimaliza, nafasi ilibaki tupu. Kipande kilipojaa ndipo ulipolipwa.

Babu aliletwa Korogwe na wazazi wake kutoka Kasulu akiwa mtoto mdogo, na baba yake alikata mkonge mpaka alipofariki. Yeye naye aliukata kwa miaka mingi. Watoto wake walijua kwamba alikuwa mfanyakazi wa shamba, wakajua na makovu ya miiba mikononi mwake, lakini habari ya kambi hakuwa na desturi ya kuisimulia. Jioni ile, kidole kikiwa juu ya miraba ya Mondrian, alianza kusema. Alieleza jinsi baba yake alivyokuwa akikiweka kipande ndani ya kopo la bati ili kisilowe mvua. Alieleza jinsi mama yake, ambaye hakujua kusoma, alivyozihesabu nafasi kila usiku kwa ncha ya kijiti ili ajue imebaki siku ngapi kabla ya unga mwingine.

“Namba ya baba naikumbuka mpaka leo,” alisema. “Lakini sura yake inaanza kunipotea.”

Hakuna aliyecheka tena. Yule mtoto wa darasa la sita alisogea akakaa karibu na goti la babu yake.

Sasa, ndugu msomaji, je, mzee huyu alikuwa amekosea? Picha ya furaha na muziki yeye aliisoma kuwa picha ya kuhesabiwa. Nilifikiri binti angenyamaza kwa adabu. Kumbe alifanya jambo lililo bora zaidi: alirudi kwenye picha.

“Babu,” alisema, “kwenye kipande nafasi zote zilikuwa sawa?”

“Zote sawa. Na zilikwenda kwa mpango.”

“Hapa je?”

Mzee alitazama tena. Aliona kwamba miraba haikulingana. Mingine mikubwa, mingine midogo. Aliona kwamba rangi hazikufuata zamu. Nyekundu mbili zimekaribiana hapa, kule buluu imekaa peke yake. Alitazama kwa muda, halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. “Basi bwana huyu,” alisema, “hakuwa na nyapara.”

Lakini hakuliondoa jibu lake lote. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa nimelifikiria: “Na watu wako wapi? Mji mkubwa namna hii, mbona hamna hata mmoja mwenye uso?” Kwa kweli hamna. Upo mwendo, upo mdundo, ipo nuru, lakini hapana uso. Pengine ni kwa sababu mchoraji alitaka furaha ya mji mzima na si ya mtu mmoja. Pengine ni kwa sababu mkimbizi mzee aliye peke yake huuona mji mgeni namna hiyo, taa nyingi na nyuso chache za kumjua. Picha haiamui. Lakini swali la babu ni swali halali, kwa sababu limetoka katika kile kilichomo na kile kisichokuwemo, na si katika kumbukumbu yake peke yake.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Hapo nadhani tumepata njia ya kusoma picha ya namna hii. Kwanza, taja unachokiona kabla ya kusema maana yake: mistari, rangi, nafasi, mwendo. Pili, uliza ni nani aliyeichora, wapi na wakati gani, na alibadili nini katika desturi yake. Tatu, leta la kwako, iwe ni kanga, stendi au kipande, kwa maana pasipo la kwako utakuwa unakariri maneno ya watu. Nne, rudi tena kwenye picha, uone ni kiasi gani cha hilo la kwako kinasimama na kiasi gani kinaanguka. Asiyerudi hujitazama mwenyewe tu akadhani ameiona picha.

Jambo hili linawahusu hasa wazazi. Mara ngapi mtoto ametuletea karatasi yenye mistari na rangi, nasi tukauliza kwa haraka, “Hiki nini?” Swali hilo humfanya mtoto atafute jina la kitu ili atupendeze, na aghalabu siku ya pili huchora nyumba yenye paa la pembetatu kama wenzake wote. Jaribu kumwuliza hivi: “Hapa ulianza wapi? Mbona hapa pamejaa na hapa pako wazi? Rangi hii umeipendea nini?” Utashangaa kwa majibu. Pengine atakwambia habari ya shule, au ya ugomvi aliouona mtaani, au ya safari aliyoifurahia, ambayo asingekwambia kama ungemwuliza moja kwa moja. Na kama wapo wazee nyumbani, wakae nao. Jioni ile ya Manundu picha ya Mholanzi, iliyochorwa Marekani kwa ajili ya muziki wa watu weusi, ilimfungua kinywa mzee wa Kasulu kuhusu kambi ya mkonge ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia.

Nilipoaga, binti alikuwa amekwisha kuandika ukurasa mmoja na nusu. Hakuandika jibu la nani. Aliyaandika yote matatu, moja baada ya jingine, na chini ya kila moja akaeleza ni kitu gani katika picha kinachoshuhudia na ni kitu gani kinachokataa. Babu alimwomba amsomee kwa sauti sehemu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha alimtaka aongeze jambo moja ambalo halikuwa limeulizwa na mkufunzi.

“Andika na namba ya baba,” alisema, naye akamtajia polepole, tarakimu moja moja, binti akiandika.